Konekta za duara za pini 8 za maiki ya redio: nzuri zinapatikana wapi siku hizi?

#1 Mwana_Antena (Tanga)
Wakuu salaam. Plagi za duara za pini 8 zinanimaliza. Redio yangu ni IC-718 ya Icom, maiki ya mezani ni ya Kenwood, waya nimevuta mpya. Plagi nanunua madukani, zisizo na jina la kampuni, na kila moja inaanza vizuri kisha inaleta mambo: nikibonyeza kitufe cha kuongelea redio inarusha, nikigusa waya karibu na plagi inakata.

Hii ya mwisho nimeifungua jana. Pini ya 5 imerudi nyuma kama milimita moja kuliko wenzake, na plastiki inayoizunguka imeyeyuka ikavuta upande. Ringi ya kukazia nayo nyuzi zake zimeanza kulika, ukikaza inaruka.

Madai yangu ni haya: hakuna plagi ya maana ya pini 8 madukani kwetu, zote zinatoka gunia moja. Anayebisha aseme anapata wapi. Nawasilisha.

#2 Kitenge_Cha_Bluu
Kabla hatujaenda mbali, leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, unayo mkuu? Tusije tukakusaidia kuongea na ndege zinazotua.

#3 Mwana_Antena
#2 Ninayo, namba inaanza na 5H kama ya wapenzi wote wa redio Tanzania. Rudi kwenye mada.

#4 Dogo_Msimbazi
Njoo Kariakoo, zimejaa. Elfu tatu, ukibembeleza elfu mbili na mia tano. Waambie unataka GX16 ya pini 8, ndilo jina lake dukani. Hapo utachagua mpaka uchoke.

#5 Binti_Sauti (Nairobi)
Habari zenu. Maiki za redio ni kazi yangu ya kila wikendi, harusi na makanisa. Hizo hazina pini 8. Kile kiboksi cha kiunoni cha Shure kinachukua mini XLR, plagi ndogo ya duara ya maiki, ya pini 4, wenyewe wanaiita TA4F. AKG ni mini ya pini 3. Lectrosonics ni pini 5. Sennheiser za kawaida ni jeki ya milimita 3.5 yenye ringi ya kufunga, na zile zao za daraja la juu za zamani za SK 50 ni Lemo ya pini 3. Audio-Technica za zamani ni Hirose ya pini 4. Kwa hiyo mwanzo jua kiboksi chako ni cha nani, ndiyo utafute konekta.

Za mini XLR mimi natumia Switchcraft au Rean. Rean ya pini 4 inaitwa RT4FC-B. Rean iko chini ya Neutrik, hivyo usiogope ukiona bei imeshuka kidogo.

#6 Kitenge_Cha_Bluu
Dada #5 umepanda basi la Arusha na mwenzio anakwenda Lindi. Jamaa anaongelea redio ya kurusha masafa marefu, siyo maiki ya mchungaji.

#7 Binti_Sauti
Haya bana, lakini sifuti. Atakuja mtu wa kanisa hapa atafurahi. Na nyongeza: kwenye Shure pini ya 1 ni ardhi, ya 2 ni volti 5, ya 3 ni sauti, na kwa maiki ya kubana kifuani ya 3 na ya 4 zinaunganishwa pamoja. Mafundi wengi wanaiacha ya 4 ikielea, halafu wanasema konekta ni mbovu.

#8 Mzee_Lehemu (Morogoro)
Mwanangu Mwana_Antena, plagi haijakuua, moto ndio umekuua. Soma tena ulichoandika mwenyewe: "plastiki inayoizunguka imeyeyuka". Plagi haiyeyuki ikiwa mezani.

Fanya hivi. Tafuta soketi ya kike inayolingana, hata mbovu, ibane kwenye jiliwa, chomeka plagi yako humo NDIPO ulehemu. Soketi inashikilia pini zote mahali pake hata plastiki ikilegea, na inameza joto la ziada. Waya upake risasi kwanza ukiwa nje, na kile kikombe cha pini kipake risasi kidogo. Halafu unagusanisha tu: sekunde mbili, tatu, unatoa. Risasi iwe ile ya kizamani ya 60/40, yaani bati 60 na madini ya risasi 40, inayeyuka karibu nyuzi 190. Hii mpya isiyo na madini ya risasi inataka hadi nyuzi 217 na zaidi, ndipo watu wanakandamiza chuma mpaka pini inazama. Anza na pini ya katikati, malizia za pembeni. Ukianza za pembeni, ya katikati utaifikia kwa kuunguza wenzake.

#9 Mwana_Antena
#8 Shikamoo mzee. Hiyo ya kuchomeka kwenye soketi naichukua. Ila kuna plagi nyingine imekata na plastiki yake ni safi kabisa, pini zote zimesimama. Hiyo tuseme nini?

#10 Mzee_Lehemu
Marahaba. Hiyo fungua kishikio cha waya nyuma. Nina hakika kimeshika hewa.

#11 Nahodha_Kojani (Pemba)
Mzee #8 anasema kweli kwa upande wake, lakini watu wa bara mnaisahau chumvi. Tanga ni pwani. Mie nashughulika na redio za mashua, zile za chaneli 16, na maiki zinakufa hapo hapo kwenye plagi. Ukifungua, pini nyeusi tii. Upepo wa chumvi huo, wala si lehemu. Pini zinatakiwa za dhahabu, hizo za kung'aa nyeupe ni mapambo.

#12 Mhandisi_Mstaafu
#11 Sahihisho dogo. Weusi kwenye pini iliyopakwa fedha ni salfa ya hewani, si chumvi. Chumvi inakula shaba iliyo chini na kuacha unga wa kijani. Ukiona nyeusi, mara nyingi bado inapitisha umeme, kwa sababu pini inajikwangua kila unapochomeka. Ukiona kijani, tupa.

Dhahabu ni nzuri kwenye maiki kwa sababu sauti ya maiki ni milivolti chache, haina nguvu ya kupenya kutu hata nyembamba. Lakini kitufe cha kuongelea kinatumia volti kadhaa. Mleta mada anasema kinachokata ni urushaji, si sauti. Kwa hiyo hoja ya kutu ningeiweka chini kwenye orodha.

#13 Nahodha_Kojani
#12 Njoo Kojani ukae mwezi mmoja na hiyo redio yako, kisha tuzungumze orodha.

#14 Dogo_Msimbazi
Kupima orijino ni rahisi tu. Chukua sumaku. Pini ikivutwa ni chuma, feki. Isipovutwa ni shaba, orijino. Na uzito pia: orijino nzito.

#15 Mhandisi_Mstaafu
#14 Nusu kweli. Ikivutwa kwa nguvu, ndiyo, ni chuma, achana nayo. Lakini shaba nzuri hupakwa nikeli kabla ya dhahabu, na nikeli nayo inavutwa na sumaku, kidogo. Ukitumia sumaku kali utakataa na vitu vizuri. Uzito ndiyo usiseme kabisa: maganda ya bei rahisi ni ya zinki ya kumwaga kwenye kalibu, ni mazito na nyuzi zake ndizo hizo zinazolika.

Kipimo changu mimi ni plastiki ya ndani. Chukua ncha ya chuma cha kulehemu, gusa ukingo wake usiotumika. Ikiwa inayeyuka papo hapo na kutoa uzi, hiyo haitavumilia pini nane. Zile za kahawia za bakelaiti haziyeyuki, zinaungua tu kidogo na kutoa harufu.

#16 Kitenge_Cha_Bluu
Yaani niingie dukani kwa Mpemba na chuma cha moto nianze kumchomea bidhaa? Nitatoka na meno?

#17 Mhandisi_Mstaafu
Nunua moja, kachome kwako, ndipo urudi ununue kumi.

#18 Kanda_Ya_Ziwa
Nimefuata ushauri wa #4. GX16 ya pini 8 kwenye redio yangu ringi inazunguka mara mbili inagoma. Pini zinaingia vizuri, kitako kinalingana, lakini haikazi. Hizo si kitu kimoja jamani.

#19 Dogo_Msimbazi
Yangu imekaza mpaka mwisho. Tatizo mkono wako.

#20 Fundi_Ringi
#18 na #19 wote mnaweza kuwa sawa. Tundu la paneli ni milimita 16 kwa zote, mpangilio ni saba kuzunguka na moja katikati. Ila viwanda ni vingi na kila kimoja kinakata nyuzi kwa kalibu yake. Nimeziona mbili kutoka pakiti moja, moja inapanda, nyingine inagoma. Wengine husema nafasi kati ya nyuzi ni tofauti kabisa, wengine wanasema ni rangi ya kromu imejaa kwenye mfereji. Mimi huwa napitisha ringi kwenye soketi ya kuokoteza yenye mafuta kidogo, mbele nyuma, ikikubali sawa. USILAZIMISHE kwenye redio yenyewe. Nyuzi za redio zikiliwa, paneli nzima inafunguliwa.

Na mwingine asije akakuuzia DIN, plagi ya duara ya vyombo vya sauti, ya pini 8 akidai ni ile ile. DIN kichwa chake ni milimita 13.2 na haina ringi hii ya kukaza. Haiingii hata uisomee dua.

#21 Rubani_Wa_Mezani
Wauzaji wengine watakwambia hizi ni konekta za ndege, ndiyo maana bei juu. Msilipe hela ya ndege. Kwenye ndege ndogo vichwa vya rubani, yaani hedseti, vina plagi mbili ndefu kama za jeki, PJ-055 ya spika na PJ-068 ya maiki. GX16 sijaiona kwenye kichwa cha rubani.

#22 Operetta_5Z (Nakuru)
Mambo. Kuna kitu kimenisumbua tangu #1 na hakuna aliyekigusa. Maiki ya Kenwood kwenye redio ya Icom. Umebadilisha mpangilio wa pini, ama umeunga namba kwa namba?

Kenwood: 1 sauti, 2 kitufe cha kuongelea, 3 kushuka, 4 kupanda, 5 volti 8, 7 ardhi ya maiki, 8 ardhi.
Icom: 1 sauti, 2 volti 8, 3 kupanda na kushuka pamoja, 5 kitufe, 6 ardhi ya kitufe, 7 ardhi ya maiki, 8 sauti ya spika.

Angalia 2 na 5, zimebadilishana. Ukiunga namba kwa namba, ukibonyeza kitufe unaipeleka volti 8 pasipo pake, na redio hiyo inatoa miliampia 10 tu kwenye pini hiyo. Yaesu wa duara nao wana yao: kitufe ni 6, sauti ni 8. Plagi moja, madhehebu matatu.

#23 Mwana_Antena
#22 Mpangilio niliubadilisha, kitufe kiko 5 na ardhi yake 6. Ingekuwa namba kwa namba nisingerusha hata siku moja.

#24 Operetta_5Z
Sawa. Na kapasita uliweka? Icom inapeleka umeme kidogo kwenye pini ya 1 kulisha maiki zao za elektreti. Maiki ya koili haiutaki. Weka kapasita ya mikrofaradi 1 hadi 10 kwenye mstari wa sauti, chanya iangalie redio.

#25 Mwana_Antena
Hiyo ipo, ndani ya kitako cha maiki. Sauti haina shida, wananisifia. Ni kukata tu.

#26 Masafa_Marefu
Ngoja niwachanganye zaidi. Inakata kwenye bendi zote, au mita 20 pekee? Kwangu ilikuwa hivyo hivyo, nikabadilisha plagi, nikabadilisha waya, kumbe ni mawimbi ya antena yangu mwenyewe yanarudi kwa waya wa maiki. Wati 100 na antena ya kulishwa upande mmoja juu ya bati, chumba chote kinawaka. Ukishika waya mwili wako unabadilisha hali, unadhani ni plagi. Zungusha waya mara kadhaa kwenye feraiti, ile pete ya kuzuia mawimbi, hapo karibu na plagi, halafu punguza nguvu hadi wati 10 ujaribu kuugusa. Redio ikiacha kukata, plagi haina kesi.

#27 Mzee_Lehemu
#26 Mawimbi yanarudisha pini nyuma milimita moja?

#28 Masafa_Marefu
Hapana mzee, hiyo ni ya plagi ya kwanza. Naongelea ile ya pili iliyo safi. Watu wanaweza kuwa na magonjwa mawili.

#29 Ami_Wa_Ruwi (Muscat)
Assalaam alaykum. Swali lilikuwa wapi zinapatikana, naona mmeshafika kwenye bati. Huku Oman tunaorusha, wenye namba za A4, wengi wetu hatununui plagi dukani. Tunaagiza kwa wasambazaji wakubwa, RS au Farnell au Mouser, kwa sababu kule kila konekta ina karatasi yake: imepakwa nini, joto gani, plastiki gani. Ubaya ni usafirishaji, unaweza kuzidi bei ya mzigo mara kadhaa ukiagiza kipande kimoja. Kwa hiyo tunakusanyana. Dubai nako zipo, ila Deira utapata zile zile za gunia la mleta mada, zimepanda ndege tu.

#30 Baridi_Kali (Minnesota)
Naunga mkono #29. Mimi niko jimbo moja na DigiKey, msambazaji mwingine kama hao, makao yao ni Thief River Falls, mji mdogo huko juu kaskazini. Mzigo unanifikia haraka. Ndugu wakija nyumbani nawapa pakiti ndogo, konekta hazina uzito. Ila tahadhari: ukiingia kwenye tovuti za namna hiyo na kuandika "plagi ya maiki pini 8" utapata mamia ya vitu ambavyo sivyo. Soma mchoro, pima ya kwako kwa kaliba, linganisha kipenyo na jino la kuongozea. Picha zinafanana zote.

#31 Papa_Goma
Jambo wote. Huku kwetu Goma sisi hatuagize kitu. Mashirika wanabadilisha redio, za zamani wanauzisha kwa mnada. Unanunua maiki imekufa kwa bei ya bure, unakata plagi na waya yake ya sentimita 20, unaunga katikati, unaweka mpira unaosinyaa kwa moto. Ile plagi imeshabanwa kiwandani, waya yake imeshikwa vizuri, haitetemeke. Miye naona plagi ya zamani ya kiwanda ni bora kuliko mpya ya duka.

#32 Fundi_Ringi
#31 amemaliza nusu ya uzi huu. Kuna kitu watu hawakioni: waya wa asili wa maiki ni mwembamba na nyuzi zake ni laini zenye kitambaa ndani. Mleta mada "amevuta mpya". Upi? Ukichukua waya wa kompyuta, ni mgumu, hauingii kwenye kishikio sawasawa, na kila ukisogeza maiki ule ugumu unasukuma pini badala ya kujikunja. Hapo hata Lemo ya Uswisi itaachia.

#33 Mwana_Antena
#32 ...ni wa kompyuta. Ila ule wa nyuzi laini, si wa ukutani.

#34 Kitenge_Cha_Bluu
Kimyaaa.

#35 Mhandisi_Mstaafu
Hata hivyo haielezi nyuzi za ringi kulika, wala haielezi #18. Zinki ni zinki.

#36 Nahodha_Kojani
Na chumvi ni chumvi.

#37 Mwanajeshi_Mstaafu
Mnahangaika bure. Toeni soketi hiyo, fungeni U-229, ile plagi ya redio za jeshi, ya pini 6. Unasukuma, unazungusha, imefunga. Mguso wake ni vifundo vyenye springi vinavyojifuta vyenyewe. Imekanyagwa, imezamishwa, bado inaongea.

#38 Operetta_5Z
#37 Pini 6 kwenye redio ya pini 8 utaacha ipi? Na tundu la paneli utalipanua kwa tupa? Redio hiyo haitauzika tena.

#39 Mwanajeshi_Mstaafu
Kitufe, sauti, ardhi mbili. Vya kupanda na kushuka ni uvivu, zungusha kwa mkono. Na sifungi kwenye redio, nafunga kwenye kiboksi pembeni, kutoka hapo waya mfupi hadi redio. Plagi ya pini 8 haiguswi tena mwaka mzima.

#40 Mzee_Lehemu
Hiyo ya kiboksi ina akili. Hata bila U-229.

#41 Mchungaji_Msaidizi
Bwana asifiwe. Nimetafuta hili muda mrefu. Dada #7, kiboksi chetu ni Shure na fundi aliiacha pini ya 4. Maiki inasikika mbali sana kama mtu yuko bafuni. Ndiyo hilo?

#42 Binti_Sauti
Niliwaambia atakuja! Unganisha 3 na 4 ujaribu. Lakini kwanza uhakikishe maiki yenyewe iliundwa kwa Shure. Ya AKG iliyobadilishwa kichwa inaweza kutaka waya tofauti. Tuma picha ya ndani, ikiwa na mwanga mzuri.

#43 Dogo_Msimbazi
Mini XLR pini 4 ninazo, elfu nane.

#44 Binti_Sauti
Rean ama "Rean"?

#45 Dogo_Msimbazi
Imeandikwa Rean.

#46 Kitenge_Cha_Bluu
Hata mimi nikiandikwa Rean mgongoni nitauzika.

#47 Mwana_Antena
Mrejesho. Nimepunguza nguvu hadi wati 10 kama #26: inakata bado, lakini mara chache. Nimelegeza waya usivute plagi kama #32: mara chache pia. Nimepulizia kisafisha mguso kwenye soketi: sijui kama imesaidia. Bado sijachoma plastiki ya mtu yeyote.

#48 Masafa_Marefu
Mara chache kwa wati 10, ndiyo nilichosema.

#49 Fundi_Ringi
Mara chache kwa kulegeza waya, ndiyo nilichosema MIMI.

#50 Mzee_Lehemu
Fungueni soketi ya redio pia. Pini za kike zikishapanuliwa na plagi nene za gunia, hata plagi ya dhahabu itacheza humo. Unaibana kwa ncha ya sindano, taratibu, redio ikiwa imezimwa na imechomolewa.

#51 Ami_Wa_Ruwi
Mwana_Antena, naagiza na wenzangu mwisho wa mwezi. Nikuwekee ngapi? Na unataka ganda la chuma au la plastiki? Nitumie kipenyo cha waya wako mpya kwanza, ule utakaonunua, siyo wa kompyuta.

#52 Kanda_Ya_Ziwa
Ami, mimi pia mbili. Nitakutumia picha ya nyuzi za ringi yangu na rula pembeni.